Baba wa Karatasi

Saleha aliamka kabla ya jogoo, maana siku ya kuhesabiwa watu ilikuwa imefika Bashtola.

Kitongoji hicho kilikuwa ardhi ya Bangladeshi, lakini kimezungukwa pande zote na mashamba ya India, kama punje ya dengu iliyoangukia katikati ya sahani ya wali. Miaka nenda miaka rudi walikaa bila umeme, bila shule, bila kitambulisho. Sasa Delhi, makao ya serikali ya India, ilikuwa inainuka kiuchumi, na anayetaka kujenga ghorofa hupatana kwanza na jirani wa ukutani. Serikali mbili zikakubaliana kubadilishana vitongoji vya namna hiyo, na kila mtu achague nchi yake.

Saleha alikwishachagua India. Lililomsumbua ni Nasrin, binti yake wa pekee. Ili apokewe shule ya India, ng'ambo ya mfereji, aliandikishwa kuwa mtoto wa Abed Ali, fundi baiskeli wa upande wa India. Bashtola nzima walifanya hivyo. Mtoto alikuwa na baba wa nyumbani na baba wa karatasi. Leo Saleha akisema kweli, huenda wakamfunga kwa udanganyifu. Akinyamaza, Nasrin atabaki mtoto wa watu katika daftari la serikali, maisha.

Chini ya turubai waliketi maofisa wawili, mmoja wa Delhi na mmoja wa Dhaka kwa upande wa Bangladeshi, birika moja la chai katikati yao.

"Mko wangapi nyumbani, mama?" akauliza wa Delhi, zamu ya Saleha na Nasrin ilipofika.

"Wawili. Mimi na… na huyu."

"Huyu ni nani wako?"

Saleha akamshika Nasrin mkono.

"Si umwambie, shemeji!" sauti ikatoka nyuma ya foleni. Alikuwa Abed Ali, mikono imejaa grisi.

"Wewe nawe umefuata nini huku?"

"Nimekuja kurudisha mtoto. Miaka kumi na moja mimi ni baba, hata kikombe cha chai sijaletewa!"

"Muongo! Kila Idi nakuletea bakuli la tambi za maziwa."

"Bakuli lenyewe dogo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kicheko kile kikamtia Saleha moyo.

"Ni wangu, bwana," akamwambia ofisa. "Nimemzaa kwenye kibanda kile pale. Baba yake ni marehemu Kasem Mia. Shuleni tulidanganya. Kama ni kufunga, nifungeni mimi, yeye mwacheni amalize mitihani."

Wa Dhaka akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kaka, huyu wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa tangu asubuhi," akajibu wa Delhi, akivuta fomu. "Mama, tukiwafunga nyote, jela nayo itataka kitongoji chake. Aliyewaazima jina atie saini hapa, majirani wawili washuhudie. Shule tutaiandikia barua."

Abed akatia saini, akaacha na alama ya grisi. Saleha hakujua kusoma.

"Nisomee, mwanangu."

"Nasrin Khatun, binti wa Kasem Mia na Saleha."

"Tena."

Akasoma tena. Saleha akakaa pale pale kwenye nyasi, akivuta pumzi kama aliyetua mtungi wa maji.

"Mama, inuka, watu wanangoja," Nasrin akamnong'oneza.

"Wangoje kidogo. Mimi nimengoja zaidi yao."

Abed akajifuta mikono kwenye suruali. "Na Idi je? Tambi ndiyo basi?"

"Utaletewa," Saleha akasema, machozi na kicheko pamoja. "Na bakuli kubwa."