Sentensi Tatu za Babu

Mwalimu wa darasa la nne aliniita shuleni. Mezani palikuwa na insha ya mjukuu wangu, sentensi tatu zimepigwa mstari mwekundu, naye mwenyewe kasimama kando.

"Babu, hii kaandika nani?"

"Mwenyewe." Nilihisi ananionea wivu, maana mimi nimesoma shule ya jioni nikiwa na watoto wanne.

"Basi aandike nyingine hapa hapa. Akishindwa, nampa sifuri."

Mjukuu wangu akainamia karatasi. Mwalimu alikaa katikati yetu, akinichunga midomo nisije nikanong'ona. Mada aliyompa ilikuwa kikombe kilichovunjika. Mtoto akaandika: "Mama hakunigombeza. Alifagia vipande polepole, nikatamani angenigombeza."

Mwalimu akasoma mara mbili. "Huyu anajua. Sasa hizi tatu zilizojaa methali ni za nani?"

Mtoto akatazama sakafu, asinitaje.

"Ni zangu," nikasema. "Nilimrekebisha kidogo tu."

"Zifute, babu, nimsahihishie yaliyo yake. Ndizo zinazomharibia."

Nikavaa miwani, nikazisoma upya. Ubaya wake sikuuona hata kidogo. Lakini alama zilikuwa za mtoto, kwa hiyo nikaomba kalamu, nikazikata mwenyewe.