Mtukufu Kwenye Mkia wa Mti

Ukiingia nchi ya Tukukia kwa barabara kuu, wa kwanza kukupokea si watu bali sanamu: mijitu ya shaba yenye vitambi vilivyosuguliwa vikametameta, imepangwa kandokando ya njia kama abiria waliochelewa gari. Kila mwaka, Siku ya Wajenzi wa Taifa, raia aliyeiletea nchi maendeleo alitengenezewa sanamu. Na kwa kuwa kamati ya kumchagua ilikaa ikulu na kula ikulu, maendeleo yalikuwa na tabia ya ajabu ya kuletwa na wakubwa watupu. Kulikuwa na sanamu ya waziri aliyekata utepe wa daraja, ya aliyemshikia mkasi, na ya yule aliyewapigia makofi mpaka viganja vikavimba. Waliolijenga daraja lenyewe hawakupata hata sanamu ya kidole gumba.

Hayo hayakumnyima Sikitu usingizi. Yeye alikuwa na kisima. Alikichimba mwenyewe mtaani Vumbini, miaka miwili, pima nne kwenda chini, akipanda juu jioni na udongo masikioni. Na tangu maji yatoke, watoto wa Vumbini waliacha kuharisha. Kwa hiyo Katibu wa Sanamu, Bwana Mbwembwe, alipofika na mkokoteni uliobeba sanamu ya shaba ya Mtukufu Gorodi, mkuu wa nchi, jembe begani, Sikitu aliweka ndoo chini.

"Hongera, dada. Kisima chako kimeshinda mwaka huu."

"Na huyo ni nani?"

"Mchimbaji."

Foleni ya akina mama ikaangua kicheko. "Na kitambi hicho? Shimoni alipitaje?" akauliza Mama Tungaraza. "Au alichimba kwa kukaa?"

Katibu akajifanya kiziwi. Sanamu, alieleza, itasimikwa kwa saruji juu ya kisima chenyewe, ili wajukuu wapajue mahali hasa Mtukufu alipotokwa na jasho.

"Na maji tuchote wapi?"

"Mtazoea. Kwani zamani mlikuwa mnaishije?"

Sikitu akameza tusi. Kando ya kisima, juu ya nguzo imara yenye panda, ulilala mti mrefu aliouweka mwezi uliopita: ncha moja ina kamba na ndoo, ncha ya pili, mkia, inangoja kitu kizito cha kuivuta ndoo juu, maana mawe ya Vumbini ni changarawe tu. Akautazama mti. Akakitazama kitambi.

"Bwana Katibu, sanamu za kusimama zimejaa mjini. Mfungeni huyu kwenye mkia wa mti wangu, afanye kazi watu wakimwona. Nchi gani nyingine ina sanamu inayochota maji?"

Katibu akatabasamu. Alikwisha kuiona akilini sanamu yake mwenyewe, ya mbunifu.

Siku ikafika. Mtukufu akaja na ngoma na miavuli saba. Kitambaa kikavutwa, Katibu akasoma sheria kwa sauti ya kutetemesha masikio: mkono utakaoiondoa sanamu iliyozinduliwa ni mkono wa msaliti, hata uwe wa nani. Sikitu akavuta kamba. Ndoo ikazama, Mtukufu wa shaba akapaa mawinguni, vigelegele vikalipuka, na Mtukufu wa nyama akavimba kwa raha. Kisha Sikitu akaachia. Ndoo ikapanda imejaa, na yule wa shaba akashuka polepole, kichwa mbele, mpaka paji la uso likagusa vumbi miguuni pa Mama Tungaraza.

"Mbona nainama?"

"Unakagua kama maji yapo, Mtukufu," akajibu Sikitu.

"Namwinamia nani?"

"Mwenye zamu."

Mtukufu akamgeukia Katibu. Katibu akaigeukia karatasi aliyotoka kuisoma, akaikunja mara nne.

Foleni haikungoja. Ndoo ya pili, ya tano, ya thelathini. Mtukufu juu, Mtukufu chini, na watoto wanahesabu kwa kelele. Wa nyama alisimama akijikodolea macho mpaka wabeba miavuli wakachoka, na shingo yake, kidogo kidogo, ikaanza kumfuata wa shaba: juu, chini, juu, chini. Mama Tungaraza anaapa kwamba alikuwa anakubali. Katibu anasema ni jua tu.

Sikitu hakuwa na nafasi ya kuamua nani kasema kweli. Foleni sasa ilikuwa imekwama, na aliyeizuia ni mmoja: wa nyama, aliyekwisha kusogea mpaka mdomoni mwa kisima.

"Mtukufu," akasema, akimnyooshea kamba, "umekuja na ndoo, au unapisha watu?"