Ruta ya Dirishani kwa Obrad

Vukašin alikuwa mtu wa kusoma maelekezo mpaka mwisho, hata ya kiberiti. Alipokuwa fundi wa mabasi mjini, kabla hajastaafu, wenzake walimtania kwamba siku akifa atataka kwanza aone ramani ya kaburi. Kwa hiyo wiki ile ya kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao, ambayo kila nyumba huifanya kwake, alipoamua kuifuta programu iliyokuja na ruta yake, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, na kuweka nyingine iliyotengenezwa na watu baki, hakukurupuka. Alikaa na kompyuta kwenye meza ya jikoni, akasoma mabaraza ya wajuzi mtandaoni, ambako kila mmoja alimwita mwenzake mjinga na hakuna wawili walioshauri jambo moja.

Sababu ya yote ilikuwa mama yake. Bibi Stamena alianguka kwenye barafu mwezi wa Novemba, akavunjika nyonga, na sasa alikuwa wa kitandani katika nyumba ya zamani, upande wa pili wa ua, kwa mwanawe mdogo Obrad. Neda, binti wa Vukašin, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Ljubljana. Bibi alisema hataki zawadi wala dawa. Anataka siku ya sikukuu ya nyumba amwone kitukuu wake, japo kwenye simu, kabla macho yake hayajafunga duka.

Lakini bondeni mle simu hazikamati mnara. Waya wa intaneti nao uliishia kwa Vukašin, kwa sababu kampuni ilipokuja kuuvuta ilitaka kukata tawi la mjozi wa Obrad, na Obrad akawafukuza mafundi kwa reki.

Mtu atauliza, kwani ua ule una upana gani? Hauna. Ila tangu arobaini ya baba yao Vukašin hakuwa ameuvuka. Obrad alikuwa ameikata miplamu ya mzee na kupanda rasiberi bila kumwuliza mtu, na Vukašin akasema mezani, mbele ya padri, kwamba mdogo wake hakungoja hata maiti ipoe. Baadaye akaja kujua kwamba miti ilikuwa na ugonjwa na mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza ikatwe. Kulijua hilo hakukumleta karibu, kulimpeleka mbali zaidi. Aliona haya, na haya ya mtu mkaidi haina tofauti kubwa na hasira.

Ndipo akaja na hoja ya ruta: mtandao uvuke ua hewani, yeye abaki kwake. Programu ya kiwandani ilikuwa imefungwa huku na huku. Haikuruhusu kuongeza nguvu wala kuunganisha ruta mbili. Programu za nje zilizoifaa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na kurasa za kupendeza, lakini walioitengeneza walikuwa wameitelekeza zamani. Nyingine ilikuwa na sura ya risiti ya duka, ila watu bado walikuwa wakiirekebisha kila mwezi. Akachagua yenye sura mbaya.

"Gari huchagui kwa rangi," alimwambia mkewe, Desanka.

"Ndiyo maana tumeendesha lile la rangi ya kinyesi cha bata mpaka likaoza," akasema Desanka.

Aliigeuza ruta tumbo juu akasoma kibandiko chake kwa kioo cha kukuzia, maana ruta za jina moja hutofautiana ndani, na programu ya hii huiua ile. Kisha akaiunganisha na kompyuta kwa waya.

"Usiwashe oveni," akasema. "Fyuzi ikiruka katikati ya kazi, hii ruta imekuwa tofali."

"Nina keki za jozi za sikukuu. Zikiharibika, tofali litakuwa wewe."

Oveni ilingoja. Taa za ruta zilizima, zikawaka, zikapepesa kwa namna ambayo Vukašin hakuipenda, kisha zikatulia. Akashusha pumzi. Katika kurasa mpya alikuta mahali pa kutaja nchi, kwani kila nchi ina kipimo chake cha nguvu za redio. Akaiambia ruta kwamba iko ng'ambo ya bahari kubwa, ambako kipimo ni kikubwa. Ruta ikaamini. Desanka akavuka ua na simu, kwa sababu yeye hakugombana na mtu, akaenda kukaa kando ya kitanda cha mama mkwe.

Alirudi mapema.

"Vile vijiti vya mtandao vimejaa vyote," akasema. "Lakini picha haiji. Kinazunguka kile kigurudumu tu. Mama anauliza mbona mtoto ana uso mviringo hivyo."

Vukašin akarudi barazani kwa wajuzi. Mmoja wao, ambaye bila shaka hakuwa na rafiki duniani, akamjibu: "Ruta umeipa sauti ya kupiga kelele. Na simu, je? Simu inakusikia vizuri kabisa. Wewe ndiye huisikii ikijibu. Acha kupaza sauti, sogea karibu."

Akalisoma jibu hilo mara kadhaa. Halafu akatoa kwenye droo ruta ya zamani, akaiwekea programu ile ile, akaifundisha kupokea kutoka kwa mwenzake na kupitisha mbele. Kilichobaki ni kuichomeka dirishani, chumbani kwa mama. Nyumbani kwa Obrad.

"Ipeleke wewe," alimwambia Desanka.

Desanka akaenda nayo, akarudi nayo kwapani.

"Shemeji anasema kitu asichokijua hakichomekwi ukutani kwake na mjumbe. Aliyekiunda aje akichomeke."

"Kwa hiyo ameniita?"

"Hakukuita. Amesema siku ya Nikola haaliki mtu. Wa kuja, huja."

Na ndivyo ilivyo: kwenye sikukuu ya nyumba hakuna anayealikwa, na anayebisha harudishwi. Vukašin alilijua hilo tangu utoto. Alisema tu kwamba supu ina chumvi nyingi.

Siku yenyewe ilipofika, padri aliubariki mkate, mshumaa mrefu ukawashwa, na mafundi wenzake wa zamani wakaja kula samaki na maharage ya oveni. Mwenye nyumba siku hiyo haketi, husimama akimimina. Tena haachi mshumaa wake ukiwaka akaenda kwingine. Vukašin alimimina, akachungulia dirishani, akamimina nje ya glasi. Mwisho akavaa koti, akaifunga ruta kwa kitambaa cha sahani.

"Na mshumaa?" akauliza mgeni mmoja.

"Mshumaa ninao mimi," akasema Desanka. "Na wewe nenda, kabla hujapata maelekezo mengine ya kusoma."

Obrad alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amenenepa, na shati jeupe lilimbana shingoni. Vukašin alishangaa kuona mvi, kana kwamba zilikuwa zinapaswa kumngoja.

"Heri ya sikukuu, mwenye nyumba."

"Heri na kwako."

Akampa kijiko cha ngano tamu na glasi ndogo ya rakia, pombe kali ya matunda, kama anavyopewa mgeni yeyote. Chumbani mama alikuwa amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Soketi ilikuwa moja na radio ilikuwa imeichukua. Obrad akaing'oa radio. Ruta ikawekwa dirishani, kati ya sufuria ya maua na miwani ya marehemu baba yao. Taa nyekundu ikapepesa kwa muda, kisha ikawa kijani.

Neda akatokea kwenye simu, na mtoto kifuani. "Bibi, huyu hapa."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Wanawe wakainama, kila mmoja upande wake wa mto, ili nao waone.

"Hayo masikio," akasema hatimaye. "Maskini. Amechukua masikio ya baba yenu."

"Ni yake kabisa," akasema Obrad.

Vukašin akakohoa. "Obrad, ile miti..."

"Mtoto anatazama," akasema Obrad, wala hakuinua macho.

Mtoto alipolala, simu ikakatwa, na mama akafumba macho ameridhika. Vukašin akafunga vifungo vya koti. Obrad alikuwa akiitazama ile taa ya kijani.

"Ukiondoka, itazimika?"

Maisha yake yote Vukašin hakuwahi kusema uongo kuhusu mashine. Aliiangalia ruta. Ilikuwa imetulia na haikumhitaji mtu.

"Inaweza," akasema. "Mwanzo mwanzo inataka mtu wa kuiangalia."

Obrad akavuta kiti kutoka ukutani, akakipangusa kwa mkono. "Basi kaa, kaka. Samaki wapo."

Vukašin akaketi. Kitandani, mama akauliza bila kufumbua macho kama kesho nayo itataka kuangaliwa.

"Na kesho, mama," akasema Vukašin.