Kiraka cha Kobe

Meli waliyoijenga wenyewe pale karakana ya bandarini waliiita Kobe, kwa sababu haikuwa na haraka. Wanawake wa stoo ya rangi walisema mimba yake imepita ya tembo, na baba mtoto ni serikali, ndiyo maana haonekani. Mzee Cheche, msimamizi wa wachomeleaji, alicheka nao, lakini jioni kabla ya kutoka alikuwa akiipapasa ubavuni kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Chuma chake kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni injini.

Injini zilikuwa zitoke nchi rafiki. Kisha wakubwa wakapiga kura fulani kwenye mkutano wa mataifa, rafiki akanuna, injini zikabaki kwake. Ndipo akaja rafiki mwingine, tajiri zaidi, akauliza taabu yote hiyo ya kujenga ni ya nini. Akatoa meli ya doria, bure, naye akapewa ruhusa ya kutia nanga zake bandarini kila apendapo. Magazeti yakashangilia. Mzee Cheche akasema tu, usiache mbachao kwa msala upitao, akarudi kazini.

Meli ya zawadi ilifika na rangi mpya, inang'aa kama kiatu cha siku ya kwanza ya shule. Wakaivuta hadi juu ya chelezo, pale meli zinapokaguliwa nchi kavu, jirani na Kobe. Mzee akainama chini ya tumbo lake, akagonga kwa nyundo ndogo, taratibu, kama mtu mstaarabu anayebisha hodi. Nyundo ikazama ndani.

Akagonga pembeni; rangi ikabanduka kama maganda, nyuma yake kutu. Injinia kijana aliyesimama naye alikuwa anajua tayari. Vipimo vyote alikuwa amevipeleka juu, na jibu lilikuwa kwamba sherehe ya makabidhiano ni Jumamosi, wageni wa rafiki watakuwepo, kwa hiyo pazibwe. Stoo haikuwa na bamba hata moja la chuma. Injinia akaitazama Kobe, kisha akatazama viatu vyake.

"Mzee, tukate kwake," akasema. "Tutarudishia."

"Nani atarudishia?"

Injinia akatoa chaki ya kuchorea pa kukata, akamnyooshea.

Mzee angeweza kukataa. Kustaafu kulikuwa mlangoni, na ulimi wake haukuwahi kuogopa ofisi ya mtu. Lakini binti yake wa pekee alikuwa baharia, fundi wa mitambo, na alikuwa amepangiwa meli ile ile. Asipoziba yeye, ataziba mwingine, pengine kwa simenti, alishayaona hayo. Akawasha gesi ya kukatia.

Alimkata Kobe pale penye chuma kilicho bora. Vijana wake walisimama kama watu waliofiwa wasiojua waanze na pole gani. Kuchomelea alichomelea peke yake, amelala chali, cheche zikimwangukia shingoni. Mshono ulitoka mzuri kuliko wote aliowahi kuchoma, na hilo ndilo lililomuumiza, maana mshono haushindi kile ulichokishikilia. Pembeni mwa bamba la Kobe, chuma cha zawadi kilikuwa biskuti. Alipoziba hapa, moto ulitoboa pale.

Ijumaa binti yake alishuka chelezoni, sare imenyooshwa, kofia kwapani. Alipitisha kidole juu ya mshono. Alipokuwa mdogo, baba yake alimwahidi kuwa atapanda meli ya nyumbani, si ya kupewa, kwa kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku hiyo alicheka hadi akakaa chini. Sasa hakucheka.

"Umechoma wewe mwenyewe, baba?"

"Mimi mwenyewe."

"Itashika?"

Akimwambia kweli, binti atafanya nini? Kukataa amri ni jela, na kiapo alishakula. Atakwenda vilevile, ila atakwenda na hofu, kila wimbi likigonga ubavuni anakaa macho. Mzee akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mshono wangu utashika, mama."

Binti alikuwa fundi. Alisikia maneno yalivyopimwa. Akapiga goti akamfunga kamba ya kiatu iliyolegea, kana kwamba yeye ndiye mzazi, akaondoka.

Jumamosi bendi ilipiga, wakubwa wakapeana mikono. Mzee alialikwa jukwaani, hakwenda. Aliingia ndani ya tumbo la Kobe akakaa mbele ya shimo alilolikata. Lilikuwa la mraba, kama dirisha, na kupitia hapo aliiona meli ya zawadi ikitoka, mabaharia wamejipanga juu ya sitaha. Kwa mbali wote walifanana. Alimtafuta wake, hakumwona. Aliona kama meli imeinama kidogo upande wa kiraka, au labda ni macho ya uzee.

Injinia akamfuata humo humo, ameshika chaki. Rafiki, alieleza bila kumtazama usoni, amefurahishwa na mapokezi; ameahidi meli ya pili, pacha wa ile. Mzee aliendelea kutazama nje hadi dirisha likabaki na maji matupu. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono apewe chaki.