Maganda Yaliyogeuka Rangi

Funguo za stoo zilikuwa mbili: mmoja wangu, mmoja wa Khalaf. Nalisema hili mwanzo kwa sababu hesabu yangu yote niliijenga juu yake, na mimi nikishajenga hesabu sipendi mtu aje kunibomolea.

Mwaka huo wa tisini na tisa nilikuwa mkaguzi wa mita za maji hapa Ibra, Omani. Kushuku watu ndiyo kazi niliyolipiwa mshahara. Mita ikisoma kidogo kuliko mwezi uliopita, nilikuwa simuulizi mwenye nyumba ana nini. Nilikuwa namtazama mikono. Badria, mke wangu, akisema kuwa kazi ile nimeirudisha nyumbani, na kwamba hata chumvi ikipungua kwenye chombo namtazama mtu mikono. Simbishii.

Khalaf alikuwa rafiki yangu wa miaka kumi na moja. Wazee wake walirudi kutoka Mwanza, wangu kutoka Unguja, na jambo lililotukutanisha ni bunduki. Yeye ana gereji ya magari, mimi nina ua mkubwa wenye stoo inayofungukia uani, basi tukashirikiana. Kila Ijumaa baada ya kupiga shabaha bondeni tuliinama tukaokota maganda ya risasi yaliyotupwa na bunduki, meusi kwa moshi, ili tuyasafishe na kuyajaza upya. Khalaf alitengeneza mashine mwenyewe: mota ya mashine mbovu ya kufulia, na pipa la plastiki lililolazwa ubavu juu ya roli mbili za mpira. Tunatia maganda humo pamoja na kokwa za tende zilizosagwa, pipa linazunguka kwa muda wa saa tano, kokwa zinasugua, na shaba inatoka manjano inameta. Kisha tunachekecha kwa chekecheo alilolitupa Badria, tunalikagua ganda mojamoja, ndipo tunatia fataki mpya, baruti na risasi.

Ukaguzi ndio kazi yenyewe. Ganda zima utalitumia mara nne, mara tano. Ganda bovu hupasuka ndani ya bunduki, na moto wa baruti hurudi nyuma, kwenye jicho la anayelenga.

Idi Kubwa ilikuwa inakaribia, na siku ya pili yake kuna mashindano ya shabaha. Mtaa wetu hutoa mpigaji mmoja. Mwaka huo wagombea walikuwa wawili: mwanangu Nabhan, anayefanya kazi benki, na Adham, mtoto wa Khalaf. Wangechujwa Ijumaa. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga lenye maganda yake, kwa kuwa ganda huikaa vizuri zaidi bunduki iliyokwisha kulipiga. La Nabhan nililipaka alama nyekundu. Nyumba nzima ilijua kopo jekundu ni la Nabhan.

Jumapili nikatumwa Sur kwa kazi, siku tatu. Nilikwisha tia maganda ya Nabhan kwenye pipa na nikawasha mashine. Khalaf ndiye angekuja kuizima jioni na kuyarudisha koponi.

Niliporudi Jumatano, Badria alinipokea na malalamiko.

"Huyo Khalaf wako na mashine yake," akasema. "Siku tatu inanguruma. Inazimwa, inawashwa. Mimi kichwa kinanipasuka, na mama yako hataki hata nikagonge mlango, anasema niwaache wanaume na kazi zao. Tena ukwaju umekwisha, kaninunulie."

Ukwaju sikuusikia. Nilichosikia ni siku tatu.

Nikauchukua ufunguo wangu kwenye msumari wake, nyuma ya mlango wa jikoni, nikafungua stoo. Kopo jekundu lilikuwa mahali pake. Nikalimimina mezani. Maganda ya mwanangu yalikuwa yametoka rangi ya manjano yamekuwa ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga. Nikachukua moja nikalibana kwa koleo kidogo tu. Likapasuka kwa urefu.

Najua maana yake. Fundi mmoja wa bunduki wa Sinaw alitufundisha zamani: shaba ya manjano ikilowekwa kwenye kitu kikali, ule weupe uliomo ndani hutoka, inabaki nyekundu, haina nguvu. Nikaingiza pua kwenye pipa. Kulikuwa na unyevu, na kulinuka uchachu.

Nani ana maji ya betri? Mwenye gereji. Nani ana ufunguo? Huyohuyo. Wangu ulikuwa nyumbani kwangu, kwenye msumari wake, na nyumbani kwangu nani wa kuushika? Mke wangu hapendi hata harufu ya stoo. Mama yangu ana miaka themanini na mbili. Na la Adham, kopo la pili, nikalifungua: manjano safi, hata moja halikuguswa. Mtu alikuwa ametaka jicho la mwanangu.

Sikumwambia yeyote. Nilikaa na jambo langu usiku na mchana, nikilipanga. Nikakumbuka kila neno la Khalaf la mwezi ule. Alisema Nabhan siku hizi anaharakisha kidole. Alisema Adham amenunuliwa kiatu kipya cha kupigia shabaha kwa magoti. Maneno ya kawaida kabisa, lakini nilipoyageuza kila moja lilikuwa na upande wa pili. Kucheka kwake pia nilikukumbuka, nikaona alicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Alhamisi baada ya alasiri akaja kama kawaida. Kwanza alipita uani kumsalimia mama, kama afanyavyo siku zote.

"Shikamoo Bi Kuruthum."

"Marahaba, baba. Nabhan wetu yu tayari?"

"Tayari kabisa, bibi. Chansi yake nzuri."

Nikasema moyoni: mtazame mnafiki. Alipoingia stoo nilifunga mlango, nikammwagia maganda mezani.

"Yaa Khalaf. Nieleze haya."

Akalichukua moja, akalipeleka penye mwanga wa dirisha. Uso wake uligeuka. "Astaghfirullah. Harub, haya yameliwa na asidi. Nani kafanya hivi?"

"Wewe ndo unajua. Wewe ndo mwenye ufunguo."

"Mimi? Nilikuja Jumapili jioni, nikazima, nikarudisha maganda koponi, nikaondoka. Yalikuwa manjano, wallahi."

"Na siku tatu mashine imenguruma yenyewe? Maji ya betri yametoka wapi, jikoni kwangu?"

Nikaendelea. Nilimwambia mambo ambayo hata leo siyaandiki yote. Nilimwambia anamwonea wivu mwanangu kwa sababu wake hana kazi ya maana. Nilimwambia watu wa bara tunawajua. Hilo nililisema, na nililisema kwa sauti, na mama yangu alikuwa uani.

Khalaf aliinamia pipa akanusa. Kisha akachukua chekecheo, akatikisa zile kokwa zilizosagwa, akatikisa tena, akaokota kitu kidogo cheusi kinachong'aa. Akakitazama. Akatazama mlangoni, upande wa uani. Halafu akakitia mfukoni.

"Unaficha nini?" nikamuuliza.

"Kokwa."

Aliponiangalia tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Haya, Harub. Ni mimi. Sikukusudia ubaya, lakini ni mimi. Nisamehe. Adham nitamtoa, Nabhan apige peke yake. Ninalokuomba moja tu: maganda hayo yatupe yote leo, na jambo hili liishe humuhumu stoo. Usiende kuuliza ndani."

Akatoa ufunguo wake akauweka mezani, akaondoka. Nilisikia akimuaga mama, na mama akimwombea dua.

Mtu mwingine angeridhika. Mimi ndiyo kwanza nikazidi. Niliona kuwa mtu anayekiri upesi namna ile ana kubwa zaidi analolificha. Nikabadilisha kufuli. Nikayamwaga makopo yote, nikazitoboa risasi tulizokwisha zijaza pamoja, nikazizika. Nabhan nikamnunulia za dukani. Aliponiuliza mbona Ami Khalaf haji, nikamwambia ana shughuli. Badria nikamwambia ukweli wangu, na yeye akanitazama mikono.

Nabhan alipiga siku ya pili ya Idi akatoka wa pili. Khalaf hakuwapo uwanjani, na Adham pia. Watu waliuliza. Nikakunja uso kwa namna ya kuwaonyesha kuwa najua jambo ila heshima inanizuia kulisema.

Mchana ule tulikula pamoja uani, shuwa, nyama ya kuokwa chini ya ardhi, imetoka shimoni inafuka mvuke, ndugu wote wamejaa. Mama alikuwa amekaa karibu na Nabhan, anammegea nyama kwa vidole vyake. Masinia ya shaba yaliyobeba wali yalikuwa yanawaka jua, na mtu mmoja akamsifu mama kwa jinsi yanavyong'aa.

"Ukwaju na chumvi," akasema mama. "Mamaangu ndivyo alivyonifunza kule Malindi, Unguja. Shaba haitaki kitu kingine." Akamgeukia Nabhan, akamshika kidevu. "Hata zile zako, mwanangu. Zilitoka nzuri?"

"Zipi, bibi?"

"Za bunduki. Baba yako na Khalaf wanazizungusha na kokwa za tende, zinatoka zimefifia. Mtu akashindane na kitu kimefifia? Nikachukua ufunguo, nikatia ukwaju mzito kwenye lile pipa, nikalizungusha siku tatu. Kopo jekundu tu. La mwenziwe sikuligusa, kila mtu na bibi yake." Akacheka. "Nilizisuuza mwenyewe moja moja. Macho yangu haya hayaoni rangi vizuri, lakini mkononi zilikuwa laini."

Nililirudisha tonge siniani. Badria aliniangalia mimi, kisha akatazama chini. Nabhan, ambaye hakujua lolote, akambusu bibi yake kichwani.

"Zilitoka nzuri sana, bibi," akasema.

Nilinawa nikatoka. Nilikwenda kwa miguu mpaka kwa Khalaf, ingawa ni mbali na jua lilikuwa kali, kwa sababu kwenye gari ningefika kabla sijajua la kusema. Nilifika na bado silijui. Alikuwa kibarazani peke yake na dele la kahawa. Akanimiminia. Sikuinywa.

"Ulijua," nikamwambia.

Akaingiza mkono ndani, kwenye dirisha nyuma yake, akachukua kitu akaniwekea kiganjani. Mbegu ya ukwaju.

"Wewe ulinusa maji ya betri," akasema. "Mimi mama yangu naye alikuwa anasugua masinia."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini ulikiri kitu hukufanya?"

"Ulikuwa umevimba pale, Harub. Mshipa umekutoka shingoni. Yale uliyoniambia mimi nimeyabeba, nina mgongo. Ningekwambia ni yeye, ungefungua ule mlango ukamwambia yeye."

"Nisingemwambia. Yule ni mama yangu."

Khalaf alikunywa kahawa yake taratibu mpaka ikaisha, akatikisa kikombe kuonyesha imemtosha.

"Nakujua," akasema.

Nilitaka kukasirika, na sikuwa na pa kuanzia. Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa lile la betri, na kwa lile la watu wa bara, na kwa Adham. Akaniambia amesamehe, na naamini amesamehe. Nikatoa ufunguo wa kufuli mpya, nikamwekea kando ya dele. Akausukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Kwa Bi Kuruthum nitakuja," akasema. "Kesho asubuhi, inshallah, nitakuja kumpa mkono wa Idi. Stoo, hapana."

Akaja kesho yake kweli, na akaendelea kuja. Hukaa uani na mama, humwambia maganda ya Nabhan yalikuwa yanang'aa mpaka majaji wakauliza nani kayasugua, na mama hucheka mpaka anafuta machozi. Mimi huwa stoo wakati huo, nachekecha na kukagua peke yangu, kazi ya watu wawili. Mlango nauacha wazi. Huwasikia wakicheka, na hakuna hata mara moja aliyogeuza kichwa kuangalia upande wangu.