Mtalii wa Dirisha la Tatu

Jumanne, tarehe kumi na nne Julai. Manyunyu yalianza kabla ya jua, mepesi, ya kulowesha kope tu, lakini upepo uliyasukuma chini ya bati la kituo cha mpakani mpaka miguuni mwa watu waliopanga foleni. Saa mbili kasorobo Bi Kunyoosha alikuwa wa ishirini na mbili. Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa mbele ya dirisha la tatu, na soksi zake zilikuwa chapachapa.

Jina hilo alipewa na wenzake katika chumba cha kufulia cha hoteli, alikopiga pasi mashuka kwa miaka kumi na tisa. Alinyoosha mashuka, na mtu akipinda maneno alimnyoosha naye. Mwaka huu kwa mara ya kwanza alipata likizo kamili, siku sita. Wenzake walidhani atalala. Yeye alikata tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, akasema anakwenda kuona maporomoko ya maji yaliyo ng'ambo ya mpaka. Wageni wa hoteli walirudi kutoka huko wamelowa mpaka kwenye chupi, wanacheka kama watoto. Nguo zao alizikausha yeye. Alitaka kujua walikuwa wanacheka nini.

"Unakwenda kufanya nini?" aliuliza afisa nyuma ya kioo.

"Kutalii."

Afisa aliinua macho. Alikuwa kijana, ndevu zake zimechongwa kwa mstari. Alianza na kitambaa cha kichwani, akashuka kwenye sweta, akaishia kwenye vidole ambavyo mvuke wa pasi ulikuwa umevibabua.

"Kutalii wewe?"

"Mimi, mwanangu."

"Sema kweli, mama. Umepata kazi ya ndani huko? Nani anakusubiri?"

"Maji. Yanaporomoka tangu dunia iumbwe, kwa hiyo hayana haraka na mimi."

Nyuma yake mtu alicheka. Afisa hakucheka.

"Tiketi ya kurudi."

Aliipitisha chini ya kioo. Ilikuwa tiketi ya basi kama zote za kampuni ile: imeandikwa kwa kalamu, mhuri wa bluu pembeni, Jumapili, kiti namba kumi na nne. Afisa aliishika kwa ncha ya vidole.

"Hii hata mimi naweza kujiandikia."

"Mhuri wao huo. Na namba ya simu hiyo hapo chini, wapigie."

"Mimi sipigii makondakta simu. Nataka tiketi ya ndege."

Kando ya dirisha palibandikwa tangazo, na Bi Kunyoosha alikuwa amelisoma mara tatu akiwa kwenye foleni. Raia wa nchi zilizotajwa wataingia kwa utalii bila viza, siku zisizozidi thelathini. Mgeni ataonyesha tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari, iwe ya ndege, meli, treni au basi. Atakayekataliwa atapewa sababu kwa maandishi.

"Tangazo linasema na basi," alisema.

"Tangazo halikai dirishani. Nakaa mimi." Afisa alielekeza kalamu kwenye kibanda cha fotokopi ng'ambo ya maegesho ya magari. "Nenda pale, sema nimekutuma. Watakutolea ya ndege, dakika tano tu. Usinijazie foleni."

Alisogea pembeni. Fundi viatu aliyekaa naye kwenye basi, ambaye kila mtu alimwita Gundi, alikuwa akirudi kutoka kibandani na karatasi bado ya moto.

"Hivi ndivyo inavyokuwa, dada yangu," Gundi alinong'ona. "Wanakuchapia jina lako na ndege ya Jumamosi. Unaonyesha, unagongewa mhuri. Jioni nafasi hiyo ya ndege inajifuta yenyewe."

"Na ndege?"

"Ndege gani? Mimi nakwenda kununua ngozi na soli. Nitarudi kwa basi kama wewe."

"Basi huo ni uongo, Gundi."

"Uongo ni ukisema. Hapa husemi kitu, unaonyesha tu."

"Na Mungu naye tumwonyeshe tu?"

Gundi alijikuna kisogo. "Mungu hayuko dirisha la tatu, dada."

"Yupo. Yuko upande wetu wa kioo, amepanga foleni, na yeye pia kalowa."

Gundi alikwenda dirishani. Afisa hakuisoma karatasi yake. Aliigusa tu kujua kama bado ina joto, akagonga mhuri. Waliofuata walikuwa vijana wawili wageni, kaptula na mabegi marefu kuliko vichwa vyao. Afisa aliwauliza wataondoka lini. Walitazamana wakacheka. Hawajui bado, walisema, labda wiki ijayo, labda watapanda malori.

"Karibuni sana," afisa alisema. "Mjionee nchi."

Mhuri ulilia mara mbili.

Bi Kunyoosha alirudi dirishani. Aliweka pasipoti, na juu yake tiketi ile ile.

"Umeleta?"

"Nimeleta. Ndiyo hii."

Afisa alipumua kwa pua. "Sikiliza, mama. Kaichukue ile karatasi, au urudi ulikotoka kwa hiari yako. Nikikugongea mhuri wa kukataliwa, hiyo pasipoti umeiharibu. Kila mpaka utakaofika wataona. Unataka?"

Hakutaka. Pasipoti ile aliipata baada ya kurudishwa ofisini mara saba, na ndani yake hamkuwa na mhuri hata mmoja. Alifumba macho. Hakumwomba Mungu amfungulie mlango. Alimwomba sauti yake isitetemeke.

"Gonga," alisema.

"Nini?"

"Gonga huo wa kukataliwa. Na sababu uiandike, kama tangazo linavyosema."

Afisa alivuta fomu kwa hasira, akaandika: Hana tiketi ya kurudi. Bi Kunyoosha aliinua tiketi yake kando ya kioo, wa ndani na wa nje waione.

"Kabla hujatia sahihi, soma namba ya kiti."

"Kumi na nne!" alisoma mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, akichungulia juu ya bega lake. "Jumapili, saa nne asubuhi. Mbona anayo?"

Foleni ilianza kunung'unika. Afisa aliichana fomu, akapotea nyuma, akarudi na mkuu wake wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye kikombe cha chai mkononi. Mkuu aliitazama tiketi. Akalitazama tangazo. Kisha akainama kwenye tundu la kioo na kuongea kama ndugu.

"Mama yangu, si ukachukue tu kile kikaratasi uende zako? Hata mimi nimechoka."

"Pole na kazi, dada. Lakini karatasi ninayo."

"Unatuumiza bure."

"Namuumiza nani? Umeiona tiketi kwa macho yako. Kama ni mbaya, andika kwamba ni mbaya na jina lako chini."

Upande wa pili wa kizuizi basi lilipiga honi. Gundi alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja chini.

Mkuu wa zamu hakuandika kwamba tiketi ni mbaya. Alichukua fomu nyingine, akaandika maneno matatu, akatia sahihi isiyosomeka. Mhuri mwekundu ukashuka kwenye ukurasa wa kwanza mweupe. Pasipoti ikarudi chini ya kioo pamoja na fomu.

Bi Kunyoosha aliinua fomu hadi kwenye mwanga na kuisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani.

"Sababu ya kukataliwa. Hafanani na mtalii."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona anacheka peke yake. Basi liliondoka na Gundi ndani. Uso wake ulipita dirishani umetazama chini.

"Anayefuata!" aliita afisa.

Lakini mbele ya dirisha palikuwa patupu. Nusu ya foleni ilikuwa tayari inavuka maegesho kuelekea kibanda cha fotokopi, mashati yamefunika vichwa kukinga manyunyu, tiketi zao za basi zimekunjwa na kutiwa mifukoni. Mama mwenye mtoto alikuwa miongoni mwao, na hakugeuka. Walibaki saba.

Bi Kunyoosha aliwageukia hao saba, mgongo wake ukilielekea dirisha.

"Nyie mtakuwa mashahidi wangu," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Likizo yangu bado ina siku tano. Kesho saa mbili nitasimama hapa, na kesho kutwa, na siku inayofuata, mpaka iishe. Kila siku wataniandikia sababu, na kila siku nitawasomea waliopo, hata akiwa mmoja. Karatasi ya uongo sichukui. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu."