Mikono Iliyobaki Jikoni

Maharage yaliyolala majini usiku kucha yalikuwa motoni, kitunguu kimeshakatwa, na viazi vimemenywa nusu, treni ya kwanza ya asubuhi ilipopiga honi. Mtangazaji wa stesheni aliitazama saa ya ukutani, kisha akavitazama viazi. Akiondoka sasa, watoto watarudi kutoka shule wakute jiko limepoa, wale mkate mkavu tena. Akibaki, treni itaondoka bila kutangazwa, na msimamizi wa stesheni hakuwa mtu wa kuelezwa habari za viazi. Basi akafanya lililowezekana. Akaiacha mikono yake imalizie kumenya, yeye akaenda kazini.

Ilichomoka kwenye vifundo vya mikono, bila damu wala maumivu. Haikuangusha hata kisu. Ilibaki pale pale juu ya karai, kwenye kimo ilichokizoea, ikaendelea na kiazi ilichokuwa nacho. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja kuiambia ipunguze moto maharage yakishachemka, lakini alikuta imeshapunguza.

Kazini kila mtu alimwita Spika. Si yule wa bungeni, ni ile ya kwenye nguzo, kwa sababu sauti yake ilisikika hadi barabarani na ilikuwa tamu kiasi kwamba watu walipoambiwa treni imechelewa waliona kama wamependelewa. Mkata tiketi alimwona akisukuma mlango wa ofisi kwa bega.

"Mikono iko wapi leo?"

"Nimeiacha jikoni. Ina maharage."

"Umefanya la maana," mkata tiketi akasema. "Maharage ukiyaachia moto peke yake yanakusaliti."

Kitufe cha maikrofoni alikibonyeza kwa kiwiko. Abiria hawakujua tofauti.

Jioni alikuta nyumba inanukia. Maharage yalikuwa yameiva mpaka yameshikana, viazi vimelainika ndani yake, na juu kuna karoti kidogo kwa ajili ya rangi. Mumewe, ambaye ni fundi bomba na hurudi na njaa ya watu wawili, alikuwa amekula mpaka amefungua mkanda. Binti mkubwa alikuwa akikwangua sahani. Kitinda mimba alikuwa amelala na shavu kwenye meza, uso umejaa mchuzi. Mikono ilikuwa inaosha vyombo. Ilipomaliza ikajifuta, ikaja ikajipachika kwenye vifundo vya mwenyewe, ya moto na yenye harufu ya kitunguu, naye akaenda kulala akiwa na furaha. Alijiona amegundua dawa ya maisha.

Ukawa mtindo. Asubuhi yeye kazini, mikono jikoni. Mume akileta mifupa kutoka buchani, ile ya bei ya chee isiyogombewa na mtu, mikono iliichemsha taratibu hadi ikatoa supu nzito inayoshika mdomo. Wali uliobaki ilikuwa inaukaanga na kitunguu na yai moja, na yai hilo moja, sijui ililitandaza vipi, kila mtu alilikuta kwenye sahani yake. Dengu, kabeji, mkate mkavu uliolowekwa kwenye maziwa na kurudishwa motoni: vitu vya watu wasio na muda wala pesa, lakini ukivila unahisi kuna mtu amekufunika shuka.

Na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Watu wakishiba wanatafuta wa kumshukuru, na wao walimshukuru aliyekuwa mbele yao.

Mume ndiye aliyeanza. Spika alirudi jioni moja akamkuta kwenye kochi, taarifa ya habari inaendelea, na mkono wa kulia wa mkewe umetulia ndani ya kiganja chake. Yeye mwenyewe, mwenye mkono, alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Karibu, mama watoto," mume akasema, bila kuuachia. "Leo imepika dengu, we acha tu."

Spika aliukodolea macho ule mkono. Ni lini mara ya mwisho yeye alishikwa hivyo, akiwa mzima, na mikono yake ikiwa mwilini? Hakukumbuka.

Kisha binti. Binti mkubwa alikuwa na umri ule wa kumjibu mama kwa mabega, lakini jikoni, akidhani mama hajafika, alikuwa ameketi kwenye kigoda akiieleza mikono jambo refu kwa sauti ya chini, analia, na mikono inamsuka nywele polepole. Spika akarudi nyuma kwa ncha za vidole vya miguu. Baadaye, mikono iliporudi mwilini, aliiuliza.

"Mwanangu amekwambieni nini?"

Mikono ikajikunja ngumi. Alijaribu kuikunjua, lakini kwa kutumia nini? Ikabaki ngumi hadi alipoacha kuuliza.

Tena akaja mama mkwe kukaa nao. Huyu alikuwa mama wa kuonja chakula cha mkwe kwa ncha ya ulimi na kusema "si haba". Siku ya kwanza alionja supu ya mifupa, akaomba nyingine. Kesho yake alirudi kutoka dukani na kopo la mafuta ya mgando, akaipaka mikono mpaka kwenye kucha, akiiita wanangu. Mwisho wa juma alifungua kitambaa akatoa pete ya fedha, akaivisha kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ilikuwa pete ile ile ambayo siku ya harusi ya Spika ilisemekana imepotea.

"Sasa nimepata mkwe," mama mkwe akasema.

Spika alikuwa amekaa hapo hapo, mbele yake, na mikono ikiwa kwenye mapaja ya mama mkwe.

Ni kweli wivu anao kila mtu. Ukimwonea jirani unajulikana, hata kumwonea wifi kumezoeleka, na mke mwenza ndiyo kabisa, ana nyimbo zake. Lakini wivu wa mtu na mikono yake mwenyewe utaupeleka kwa shangazi yupi? Spika aliubeba kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Kazini alianza kutangaza treni kwa ukali, na abiria wakawa wanakimbia bila sababu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ikiwa hicho kikulacho ndicho kinachokupikia.

Na mikono nayo ikaanza kuchelewa kurudi mwilini. Mara mama mkwe anataka imkande mgongo, mara kitinda mimba hasinzii bila kupapaswa. Mwishowe ikawa hairudi kabisa, na Spika alipolalamika mumewe akacheka kwa upole.

"Si yako? Unaionea wivu mikono yako mwenyewe? Kazini unatumia sauti, huku tunatumia mikono. Wewe tunakupata kote."

Aliona hilo ni jibu zuri, akageukia sahani yake.

Kesho yake Spika aliomba ruhusa akatoka kazini mapema. Alikuwa ameamua. Alitaka waonje chakula chake, chake yeye, wamsifu yeye, na wamtazame usoni wanapomsifu. Aliikuta mikono inachambua dengu. Akafungua droo ya vijiko kwa meno, akaisukuma mikono humo kwa kiwiko, akaifunga droo kwa nyonga na kuegemeza kiti. Haikumpinga. Ilibisha mara moja kutoka ndani, kwa adabu, halafu ikatulia.

Akapika. Mchele aliutia kwenye sufuria kwa kuinamisha mfuko kwa meno. Dengu alizikoroga kwa mwiko alioubana kwapani. Kitunguu hakikukatika, akakitia kizima. Chumvi ndiyo iliyomponza, kopo liliponyoka katikati ya viwiko likatumbukia lote. Alilitoa kwa kulibana, akaungua, na machozi yakamtoka ambayo hayakuwa ya kuungua.

Walipokaa mezani, alisimama kando kama mtahiniwa. Walijipakulia wenyewe, kidogo kidogo. Mume alitafuna, akanywa maji. Kitinda mimba alitema kwa siri kwenye kikombe. Mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Leo mikono inaumwa?" akauliza.

"Nimepika mimi," Spika akasema.

"Ndiyo nakuuliza, mwanangu. Inaumwa?"

Binti alishatoka kuitafuta. Akasogeza kiti, akafungua droo, na mikono ikatoka bila kinyongo chochote. Iliosha vidole. Ilizirudisha dengu motoni, ikaongeza maji, ikakatia humo viazi viwili vya kunyonya chumvi, ikakitafuta kile kitunguu kizima na kukiponda. Nyumba ikaanza kunukia. Spika akakivuta kwa mguu kiti cha karibu na dirisha, akakaa mezani pamoja nao, akaweka vigutu vyake mbele yake juu ya kitambaa. Alijiambia, haya, nimeshindwa, lakini angalau nitakula na watu wangu kikiwa cha moto.

Mikono ikaleta sahani na kupakua. Ya mama mkwe kwanza, halafu ya mume, ya binti, na ya kitinda mimba iliyopozwa pembeni. Kisha ikabeba sufuria ikageuka kurudi jikoni.

"Na mimi?" Spika akauliza.

Mikono ikasita. Watu wote mezani wakaitazama mikono, kisha wakamtazama yeye, na hiyo ndiyo mara ya kwanza jioni ile kutazamwa usoni.

"Wewe huli mezani, mama," binti akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Wewe unasema umeshiba harufu."

"Miaka yote," mume akaongeza. "Mimi nilijua ndivyo upendavyo."

Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Alianza kusema siku sufuria ilipokuwa ndogo na midomo imeongezeka, akitabasamu, "kuleni nyie, mimi nimeshiba harufu", kisha akirudi jikoni anakwangua ukoko akiwa amesimama. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Sufuria ikaja kuwa kubwa, na maneno yakabaki yale yale. Mikono ilikuwapo siku zote hizo. Ilijifunza kupakua kwa kumtazama yeye, na haikuwa imewahi kumwona akipakuliwa.

"Ningependa leo nile hapa," Spika akasema.

"Kula, nani kakukataza," mama mkwe akasema, akachota.

Mume akaisogeza sahani yake kidogo upande wa mkewe. Akakumbuka kwamba mkewe hana mkono wa kushikia kijiko, akairudisha, akaendelea kula kabla hakijapoa.

Spika akainuka akaenda jikoni. Mikono ilikuwa inamngoja kando ya sufuria, imeshakwangua ukoko wote ukawa pamoja, na juu yake imetia matone ya mchuzi. Alijiegemeza kwenye ukuta, mahali pake. Mikono ikachota kwa kijiko, pete ikigonga ukingo wa sufuria, ikamlisha. Ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu sana, na Spika aliuonea uchungu utamu huo kuliko alivyowahi kuionea njaa.

Sebuleni walikuwa wameanza kucheka.

"Mikono," kitinda mimba akaita, "njoo utumenyee machungwa."

Mikono ikaweka kijiko ndani ya sufuria, ikajifuta kwa kitambaa, ikaenda. Spika alikuwa ameshafungua mdomo kupokea kijiko cha pili.